Jina Nililomwandikia Baba Mdogo

Beijing, 26 Novemba 1978

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua yako ya kwanza tangu utoke shamba la wafungwa imefika Jumanne. Mama aliishika akaigeuzageuza kabla hajaniruhusu kuifungua. "Mwandiko ni wa Zhaohe," akasema, "ila mkono umekuwa mzito." Nikamwambia miaka ishirini na mmoja ya jembe la jangwani ingemtia uzito yeyote. Nilikuwa na miaka sita walipokuchukua. Ninachokumbuka ni mabega yako tu, kwa sababu nilikuwa nimepanda juu yake tukitazama fataki.

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua baridi ikianza. Kabichi za msimu tumeshanunua, zimejaa hadi mlangoni, na Mama Tan wa chumba cha pili anatuibia moja moja. Mama anajua. Anasema, "Muache. Akiona nimemwona, ataona haya, na kabichi hazitarudi." Mimi bado niko kiwanda cha chupa za chai, zamu ya asubuhi, na jioni namsaidia rafiki anayeanza kutoa kajarida.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Umesikia kuhusu ukuta wa huku? Uko karibu na kituo cha mabasi, ni ukuta wa matofali tu, lakini watu wameanza kubandika mabango juu yake na hakuna anayeyabandua. Miaka miwili tangu Mwenyekiti afe, ndipo watu wamekumbuka kwamba wana midomo. Mmoja anadai nyumba yake, mwingine anauliza mwanawe alizikwa wapi, na mwingine anataka uchaguzi.

Jumapili nilibandika langu. Niliandika kwamba Lu Zhaoming, mwalimu wa jiografia, alifungiwa na wanafunzi wake katika stoo ya shule mwezi wa nane mwaka 1966, akatolewa maiti, na hadi leo jalada lake linasema "alijitenga na umma", yaani kwamba alijiua. Nikauliza: umma gani? Basi.

Mzee mmoja akalisoma kwa sauti, halafu akageuka. "Nani kaandika hili?"

Nilisogea hatua moja mbele. Kisha nikasema, "Mimi."

Akavua kofia, na theluji ile inamwangukia kichwani. "Mwanangu, una kalamu nzuri. Hebu niandikie na langu."

Baba Mdogo, wewe sasa umerudishiwa heshima yako. Unaweza kuuliza habari za jalada la Baba? Sisi tukienda wanatuambia tusubiri.

Mwanao,
Suqin

Lanzhou, 27 Desemba 1978

Suqin mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mpe shemeji salamu zangu, na umwambie aifunge kila goti kwa ngozi ya kondoo, manyoya yakae ndani. Nitamtumia vipande viwili.

Mimi nimepewa chumba chenye bomba la joto. Usiku wa kwanza nilishindwa kulala, nikahamia sakafuni. Nimepata meno ya bandia pia. Sasa naweza kula tambi za nyama ya kondoo kama mtu mwenye akili zake. Wamenirudisha chamani, na wamenipa kazi ofisi ya uenezi ya mkoa, kumwandikia hotuba Katibu Guo. Ni mtu wa umri wangu. Naye alifagia vyoo miaka saba, kwa hiyo tunaelewana.

Nilimsomea kile kipande cha mzee aliyevua kofia. Machozi yakamlengalenga. Akaniambia, "Zhaohe, huyu binti aendelee. Kikao kikuu kimemalizika juzi, wetu wameshinda, lakini wale waliokuwa wakila kwa jina la Mwenyekiti bado wamekalia viti. Wakubwa wetu wanahitaji sauti kama hii ya kuwang'oa."

Unasikia? Nani angedhani? Tulifungwa kwa kusema, leo tunaombwa tuseme.

Umetaja rafiki anayetoa kajarida. Nitumie. Watu wa ofisini wana hamu nako, maana toleo moja limefika huku mkononi mwa dereva wa lori, na ile makala ya mtu anayejiita Kaa la Moto imesomwa mpaka karatasi imechanika. Ni nani huyo? Ana akili ya wembe.

Habari ya jalada la kaka yangu nitaiuliza. Ni deni langu kabla sijafa.

Wako,
Baba Mdogo

Beijing, 6 Februari 1979

Shikamoo Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya. Ngozi zimefika salama, na Mama anatembea kama jemadari. Tulipika jiaozi za nyama na kabichi, akaweka bakuli moja la Baba na moja lako. Nilipomwambia kwamba wewe u hai, akasema, "Najua. Lakini miaka ishirini nimezoea kumwekea, leo nimnyime kwa kuwa yu hai?"

Toleo la pili limo ndani ya bahasha hii. Samahani kwa wino, tunadurufu chumbani kwa rafiki yangu na mashine inakojoa. Tunakuwa watano: mmoja anazungusha mpini, mmoja anapanga, watatu tunaanika karatasi kwenye kamba kama nguo za mtoto.

Na kwa kuwa ni wewe, nitakujibu. Hata Mama hajui. Kaa la Moto ni Pang Jingtao, fundi wa kuchomelea vyuma hapa kiwandani. Ana miaka ishirini na tisa, anakula kama punda, na ukimwona huwezi kudhani. Kiangazi tutaoana. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, kwa sababu nafasi ya Baba ni yako.

Utaona makala yake mpya ni kali. Juzi tuligombana juu yake. Nikamwambia, "Jingtao, hawa waliopanda sasa ni watu wema. Waliteseka kama sisi. Baba yangu mdogo anafanya kazi nao." Alikuwa anakoroga uji, akaninyooshea mwiko. "Vizuri. Wabaya tumewasukuma wametoka. Haya, wema wakiharibika tutawasukuma na nini? Tuandike sasa, wakati bado wanatuhitaji."

Nikacheka, uji ukaungua.

Unaonaje wewe? Niambie ukweli, nitamsomea.

Mwanao,
Suqin

Lanzhou, 11 Machi 1979

Suqin,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Mimi kifua kimebana kidogo kwa vumbi la majira haya. Nimewatumia makopo sita ya peasi, msimpe Mama Tan yote.

Jalada la kaka limefunguliwa. Usimwambie shemeji kwanza, asije akaumia likikwama. Lakini limefunguliwa, nimeliona kwa macho yangu. Lina kurasa arobaini na tatu.

Katibu Guo amepata uhamisho wa kuja huko Beijing, cheo kikubwa.

Mwanangu, nisikilize kama unavyomsikiliza baba. Kuanzia sasa hadi mwisho wa mwezi wa nne usiende ukutani. Usiende pia kwenye mashine. Sema una kazi, sema mama anaumwa. Baada ya hapo tutaona. Mimi nimekaa na upepo miaka mingi, najua unapogeuka.

Ile makala nimeisoma. Sina la kusema.

Baba Mdogo

Beijing, 8 Aprili 1979

Shikamoo Baba Mdogo,

Mama anaumwa kweli sasa. Alilala siku mbili bila kula, leo amekunywa maji ya wali. Peasi zimefika.

Wamemchukua Jingtao.

Nilikusikiliza. Nilimwambia Jingtao kwamba Mama anaumwa, nikawa nikitoka kazini narudi nyumbani wiki tatu nzima, na yeye kila jioni alipita na dawa ya kikohozi akidhani ni kweli. Mwisho wa Machi tangazo likatoka kwamba mabango yanayopinga uongozi ni marufuku. Watu wakaanza kukamatwa. Lakini sisi tulijiambia kwamba Kaa la Moto ni jina tu, nani atajua?

Jumatano saa nne asubuhi, mkuu wa ulinzi wa kiwanda aliingia karakana na wanaume wawili wasiojulikana. Karakana ile ina mafundi sitini, wote wamevaa barakoa za chuma za kuchomelea, huwezi kumtambua hata ndugu yako. Hawakuita jina. Walikwenda moja kwa moja hadi meza ya kumi na saba. Mmoja akamgonga begani.

"Kaa la Moto?"

Jingtao akainua barakoa. Wanasema alitabasamu. "Ngoja nizime, kiwanda kisiungue."

Mkuu wa ulinzi akacheka. "Umeanza kujali mali ya umma leo?"

"Nimejali siku zote. Nyie ndio mmejua leo."

Wakampeleka na glavu zake mkononi. Wale wengine watatu waliitwa, wakaulizwa, wakaachiwa. Mimi hata kuulizwa sikuulizwa. Nilisimama kwenye mstari wangu wa kupulizia vioo, nikingoja waje, na hawakuja. Tangu siku hiyo wenzangu kiwandani wananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Mama yake Jingtao alikuja hadi mlangoni kwetu, akasimama. "Wewe mbona umebaki?"

Baba Mdogo, Katibu Guo yuko hapa Beijing, na alilia aliposikia maneno yangu. Umwandikie. Mwambie huyu ni mchumba wa mtoto wa kaka yako. Mwambie ni mchomeleaji tu. Tafadhali. Sina mwingine.

Suqin

Beijing, 20 Mei 1979

Shikamoo Baba Mdogo,

Wiki sita sijapata jibu. Labda posta. Labda kifua kimezidi. Nimeuliza kwa njia ya simu ya kiwanda, ofisi yako ikasema u mzima na umesafiri kikazi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Suqin

Lanzhou, 2 Julai 1979

Suqin mwanangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Mwaka huu aprikoti zimezaa ajabu, matawi yameinama hadi watoto wanachuma wakiwa wameketi. Mto umejaa. Nimeanza kutembea kila asubuhi ukingoni na kundi la wastaafu, daktari kasema ni nzuri kwa kifua. Meno yamenikataa, nimetengenezewa mengine.

Shemeji amepata nafuu? Maji ya wali ni mema lakini atiwe tangawizi.

Nina habari kubwa. Jina la kaka yangu limesafishwa. Uamuzi umetiwa saini. Maneno "alijitenga na umma" yamefutwa, mahali pake pameandikwa "alifariki kwa kuonewa". Shule itafanya kumbukumbu rasmi kabla mwaka haujaisha, na mkuu wa shule atasoma risala. Jalada lako nawe litakuwa safi. Utaweza kufanya mtihani wa chuo kikuu. Kaka alitaka usome, nakumbuka.

Nililia peke yangu ofisini. Miaka kumi na mitatu, Suqin.

Habari za yule kijana usiniandikie tena katika barua. Si jambo la barua.

Baba Mdogo

Beijing, 30 Oktoba 1979

Kwa Lu Zhaohe,

Mama hajambo. Kabichi bado hatujanunua.

Kesi ilikuwa jana. Niliitwa kuwa shahidi. Nilifurahi, Baba Mdogo. Nilidhani nitasema jambo la kumsaidia, nikakaa nalo usiku mzima nikilipanga.

Jingtao amekonda, wamemnyoa. Hakuniangalia. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema mshtakiwa alikuwa na nia ya kuupindua uongozi tangu Februari, na ushahidi anao. Akasoma: "Wabaya tumewasukuma wametoka. Haya, wema wakiharibika tutawasukuma na nini?"

Nikajiambia, mbona neno hili halimo kwenye makala? Alilisema jikoni. Tulikuwa wawili.

Kisha akaninyooshea karatasi. "Shahidi, huu ni mwandiko wako?"

Ilikuwa ukurasa wa pili wa barua yangu ya tarehe sita Februari. Si nakala. Ni ile ile. Chini ya jina la Jingtao palikuwa pamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa "Amethibitishwa", na tarehe: 20 Februari. Mkono ni mzito. Mama aliutambua kwa mbali mwaka jana, na mimi nimeutambua.

"Jibu. Ni mwandiko wako?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Ni wangu.

Hapo ndipo Jingtao aliponiangalia.

Amepata miaka sita.

Sasa naisoma upya barua yako ya Machi, ile ya makopo ya peasi. Uliniambia nisiende kwenye mashine mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Ulijua siku zao, na jina lake ulikuwa umeshalitoa wiki tatu nyuma. Ukaniondoa mimi ukamwacha yeye. Na nilipokulilia Aprili, ulinyamaza.

Nataka jibu moja tu. Walikupiga? Walikutishia kukurudisha jangwani? Sema ndiyo. Nitakuamini.

Suqin

Lanzhou, 28 Novemba 1979

Suqin,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Hawakunipiga. Hakuna aliyenitishia. Ningependa kukudanganya lakini umeshaniomba uongo kwa huruma kiasi kwamba siwezi.

Mwanzoni nilimsomea Guo barua zako kwa fahari. Akaziomba, nikampa, zikapanda juu. Zilimsaidia, wale wa zamani wakang'olewa, naye akaanza kutajwa kwa cheo cha Beijing. Kisha Februari akaniita. Uso ulikuwa ule ule, chai ile ile. Akasema, "Zhaohe, mlango ulitakiwa kuwa wazi, umekuwa wazi, sasa unafungwa. Tukiwaacha hawa vijana, wale wa zamani watapata sababu ya kurudi, na sote tutarudi kufagia vyoo. Huyu Kaa la Moto ni nani?"

Nikasema sijui. Nakuapia nilisema sijui.

Hakubisha. Alifungua kabati, akaweka jalada la kaka mezani, akalisogeza upande wangu. "Hili limekwama kwa sababu ya karatasi moja," akasema. Akatoka kwenda kujaza chupa ya chai. Nilikaa peke yangu na kaka yangu. Mlikuwa na picha ya stoo ile. Shemeji hajaiona, na asiione kamwe.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Aliporudi nikampa.

Nilijiambia yule kijana ana nguvu, atavumilia miaka michache, mbona mimi nilivumilia. Nilijiambia kaka hana mtu mwingine. Nilijiambia nimekuokoa wewe. Yote ni kweli, na hayanisaidii kulala.

Kumbukumbu ni tarehe 20 Desemba. Sitakuja. Kifua. Nitatuma shada.

Nihurumie.

Zhaohe

Beijing, 19 Januari 1980

Baba Mdogo,

Sikutaka kukujibu. Mama amenikalisha. "Mtu akikiri, unamjibu," kasema, "hata kama ni kumwambia hapana."

Kumbukumbu ilifanyika. Ukumbi wa shule ulikuwa na baridi, walimu wamevaa makoti. Mkuu wa shule alisoma risala, na jina la Baba alilikosea mara moja. Shada lako lilikuwa mbele kabisa, kubwa kuliko yote, na utepe wake umeandikwa: Lu Zhaohe, Naibu Mkuu wa Uenezi wa Mkoa. Katika barua zako zote hukunitajia cheo hicho. Umeniandikia habari za aprikoti na za meno.

Walipompa Mama cheti, alikishika kwa mikono miwili. Tulipofika nje akaniambia, "Soma tena pale wanaposema." Nikamsomea. Akasema, "Haya. Nimerudishiwa mume." Tulitembea hadi kituo cha basi ndipo akamalizia: "Na shemeji nimemzika leo." Nilikuwa sijamwambia kitu, Baba Mdogo. Barua zako zote anazisoma nikiwa kazini.

Ukuta umefungwa mwezi uliopita. Wamesema mwenye bango alipeleke bustanini, aandikishe jina na anwani kwanza. Hakuna anayekwenda.

Mtihani wa chuo sifanyi. Nimeomba ruhusa ya kuandikisha ndoa na mfungwa. Afisa wa kiwanda alinionea huruma. "Binti, jalada lako limesafishwa juzi tu, unataka kulipaka tope mwenyewe?" Nikamwambia jalada ni langu.

Juzi nimeruhusiwa kumwona mara ya kwanza, dakika ishirini, mlinzi akiwa ameketi katikati. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi tangu Oktoba. Nikamwambia, "Ni mimi niliyeliandika jina lako. Hakuna aliyenilazimisha."

"Ulimwandikia nani?"

"Baba yangu mdogo."

"Yule uliyesema alilimishwa jangwani miaka ishirini?"

"Ndiye."

Nilingoja atukane. Mlinzi mwenyewe aligeuza shingo kumtazama. Jingtao akafuta pua kwa mkono wa shati, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Kumbe hawakumwachia."

Halafu akaniuliza kama nimemletea chumvi.

Nimekuandikia maneno yake kwa sababu ni yako, si haki nikuzuilie. Yeye amekusamehe pale pale, kabla hata dakika hazijaisha. Mimi nimejaribu, njia nzima ya kurudi, na sijaweza. Usiniandikie.

Suqin